Kisomaji badala ya vitabu vya karatasi: kipi kinamfaa msomaji wa Arusha na Moshi

Kwa msomaji wa Arusha au Moshi anayechanganya vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza, kisomaji, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, cha kwanza kukifikiria ni Kobo Clara BW. Cha pili ni Kindle Paperwhite ya Amazon. Kindle ya kawaida, ile ya bei ya chini, inakuja ya tatu, na inaachwa nyuma zaidi ya bei yake inavyoonyesha. Kioo hakikuamua mpangilio huu, maana vyote vitatu vina kioo cha E Ink, yaani cha wino wa kielektroniki, chenye nukta 300 kwa inchi, na maandishi yake hayachoshi jicho kuliko ukurasa uliochapwa vizuri. Kilichoamua ni swali ambalo wauzaji hawamuulizi mteja: vitabu unavyotaka kusoma vitaingiaje humo ndani?

Kindle na Kobo zimetengenezwa kwa kutegemea kwamba utanunua vitabu kwenye duka la kampuni. Anayesoma Kiingereza tu anaweza kuishi hivyo. Anayesoma Kiswahili hawezi. Riwaya nyingi za Kiswahili unazozikuta kwenye maduka ya vitabu hazina toleo la kielektroniki kabisa, na nyingine zinauzwa na waandishi wenyewe kwa WhatsApp, zikiwa PDF au faili la Word, malipo yakipita kwenye simu. Kwa hiyo chagua kisomaji kwa kuangalia mlango wake wa mafaili kwanza. Duka lake liangaliwe baadaye.

Kioo chenyewe

Kioo cha E Ink kina vifuko vidogo mno, na ndani ya kila kimoja mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda na za rangi nyingine hushuka, kisha zinakaa palepale bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo maana betri inaliwa hasa na taa, na Wi-Fi, na kule kugeuza ukurasa. Ukurasa uliotulia hauli kitu. Kampuni ya E Ink ilizaliwa mwaka 1997 kutokana na kazi ya maabara ya MIT nchini Marekani, na Kindle ya kwanza ikatoka Novemba 2007, kwa hiyo hii si teknolojia ya majaribio.

Saa saba mchana Moshi, kwenye jua ambalo simu inageuka kioo cha kujitazamia, kisomaji ndipo kinaposomeka vizuri zaidi. Usiku kuna vitaa vidogo pembeni vinavyomulika uso wa kioo badala ya kukumulika wewe machoni. Hapa ndipo Kindle ya kawaida inapoachwa: taa yake ni nyeupe tu, haina mwanga wa manjano wa kutuliza macho. Clara BW na Paperwhite zote mbili zinao, na unaweza kuziamuru ziubadilishe taratibu kadiri usiku unavyoingia. Kwa anayesoma saa mbili tatu kabla ya kulala, hicho peke yake kinatosha kuongeza pesa kidogo.

Rangi ni udhaifu wa kweli. Kobo Clara Colour, yenye kioo cha rangi, ipo, lakini picha zake za rangi zinashuka hadi nukta 150 kwa inchi, rangi zimefifia, na kioo ni cheusi kidogo kuliko cha Clara BW hata kwenye maandishi matupu. Mwongoza watalii anayetegemea kitabu cha ndege chenye picha za rangi asikiuze kwa sababu amepata kisomaji. Tofauti ya ndege wawili wanaofanana huwa ni doa la rangi kwenye koo au ukingo wa bawa, na E Ink ya leo itakuficha jambo hilohilo unalolitafuta. Vivyo hivyo vitabu vya hadithi za watoto wadogo, ambavyo nusu yake ni picha. Mradi wa African Storybook unatoa hadithi nyingi za Kiswahili bure, na ni hazina kubwa, ila zisomwe kwenye simu au tableti.

Utakiona pia kivuli cha ukurasa uliopita kikibaki kwa mbali nyuma ya maandishi mapya. Si ubovu. Nenda kwenye mipangilio ya kusoma, amuru kioo kijisafishe kila ukurasa au kila sura. Kitakuwa cheusi mara moja, kisha kinatakata.

Mlango wa mafaili

Kobo inasoma EPUB, yaani faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kufuata kioo, moja kwa moja. Unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, unagusa kitufe cha kukubali kuunganisha, kifaa kinaonekana kama flashi ya kawaida, unanakili faili ndani, unakiondoa kwa utaratibu, basi. Simu nyingi za Android nazo zinaweza kufanya kazi hiyo kwa waya wa OTG, ule wa kuunganishia simu na kifaa kingine cha USB, kwa hiyo asiye na laptopu hajafungiwa nje. Kosa linaloharibu ni moja: kuchomoa waya kabla ya kuamuru kifaa kiondolewe. Kobo huandika orodha ya vitabu kwenye hifadhidata ndogo, na waya ukichomolewa wakati inaandika, vitabu hupotea kwenye orodha ingawa mafaili yapo. Likitokea, kiunganishe tena, futa faili la mwisho uliloweka, kiondoe vizuri, kisha anza upya.

Kindle haifungui EPUB iliyowekwa kwa waya. Unazo njia mbili. Ya kwanza ni Send to Kindle: unapakia faili kwenye ukurasa wa Amazon, hadi megabaiti 200 kwa faili, au unalituma kwa barua pepe ya kifaa chako, nalo linageuzwa huko kwao na kushuka kwenye Kindle kupitia Wi-Fi. Inapokea EPUB, PDF na Word. Ukitumia barua pepe, kwanza iandikishe anwani yako kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutuma, la sivyo faili halitafika na utabaki kulaumu mtandao. Njia ya pili ni kugeuza EPUB kuwa AZW3, muundo wa faili wa Kindle, kwa programu ya Calibre, ambayo ni ya bure, kisha kuiweka kwa waya. Kindle za mwaka 2024 zinajitambulisha kwa kompyuta kama simu na si kama flashi. Windows haina shida nazo, lakini kompyuta za Apple zinahitaji programu ya ziada.

Njia ya Amazon ni rahisi sana mradi bando lipo na akaunti ni nzima. Tatizo ni kwamba kila kitu kinapita mikononi mwao. Julai 2009 Amazon iliwahi kufuta kwa mbali nakala za vitabu ambavyo muuzaji hakuwa na haki navyo, kwenye vifaa vya watu waliokwisha kulipa, kisha ikaomba radhi. Februari 2025 iliondoa uwezo wa kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua ili uviweke kwa waya. Hilo la pili linamgusa zaidi mtu wa huku, kwa sababu waya ndiyo njia isiyokula bando na isiyosubiri mtandao.

Kuhusu bando: kitabu cha maandishi matupu mara nyingi hakifiki hata megabaiti 2, hicho hakikuumizi. Kinachoumiza ni masasisho ya programu ya kisomaji, ambayo hufika mamia ya megabaiti na hujishusha yenyewe ukikiacha kwenye hotispoti ya simu. Washa Wi-Fi, pokea vitabu, rudisha kifaa kwenye hali ya ndege. Na kama kisomaji cha zamani hakiioni hotispoti yako, angalia kama simu inarusha kwa GHz 5. Ishushe iwe GHz 2.4, kitaiona.

Kobo pia hutangazwa kwa uwezo wa kuazima vitabu vya maktaba kupitia OverDrive. Usiulipie uwezo huo. Unahitaji kadi ya maktaba iliyojiunga na huduma hiyo, na maktaba zilizojiunga nyingi ziko Amerika Kaskazini na Ulaya.

Kiswahili kwenye kisomaji

Hapa wachambuzi wa nje hawafiki kabisa, na hapa ndipo msomaji wetu anaposumbuka bila kujua sababu.

Menyu za Kindle na Kobo hazina Kiswahili. Hilo dogo. Kubwa ni jinsi maneno yetu yanavyokaa kwenye mstari. Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima, kama «hawakumsindikiza» au «tulivyokubaliana», na kioo cha inchi 6 hubeba maneno machache tu kwa mstari. Kisomaji hakina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili. Kikilazimishwa kunyoosha kingo zote mbili, kinatawanya maneno na kuacha mapengo mapana katikati. Dawa ni kuchagua mpangilio wa kushoto, ukingo wa kulia ubaki bila kunyooka. Kindle na Kobo zote zinaruhusu. Punguza pambizo hadi ya chini kabisa na ukubwa wa herufi hatua moja, ukurasa utatulia.

Mara nyingine utakuta maneno yamekatwa pasipostahili, silabi imegawanywa katikati. Maana yake faili limeandikwa ndani kwamba lugha yake ni Kiingereza, jambo linalotokea mwandishi anapotumia Word ya Kiingereza bila kubadilisha lugha. Kwenye Calibre chagua kitabu, fungua taarifa zake, badilisha lugha kuwa Kiswahili, kisha kigeuze upya, hata kama ni EPUB kwenda EPUB. Usipokigeuza, badiliko linabaki kwenye orodha ya Calibre tu na ndani ya faili halifiki.

Kisha kuna ng'. Vitabu vya Kiswahili vya kielektroniki vina alama hiyo kwa sura nne tano tofauti: iliyonyooka, iliyopinda kulia, iliyopinda kushoto, na wengine huweka kile kistari cha juu kushoto kwenye kibodi. Kwa macho zote zinasomeka. Kwa kutafuta hazisomeki sawa. Ukiandika «ng'ombe» kwenye kisanduku cha kutafuta, kisomaji kinaweza kukuambia neno hilo halimo katika kitabu cha wafugaji. Kama ni kitabu cha masomo ambacho utakirudia mara kwa mara, kifungue kwenye sehemu ya kuhariri ya Calibre, tafuta kila sura ya ng' iliyopinda na uigeuze iwe ya alama iliyonyooka, ile inayoandikwa na kibodi ya kisomaji. Ni kazi ya dakika chache.

Kamusi ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kupendelea Kobo. Kamusi zinazokuja na vifaa hivi hazijumuishi Kiswahili. Ila Kobo inakubali kuwekewa KOReader, programu ya bure ya kusomea inayokaa pembeni ya programu ya kiwandani bila kuifuta, na KOReader inasoma kamusi za muundo wa StarDict. Mradi wa FreeDict unatoa bure kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ukishaweka KOReader, fungua folda yake, ingia folda ya data, kisha dict, uweke humo folda ya kamusi iliyokwisha kufunguliwa, ikiwa na mafaili yake yote, ya ifo, idx na dict. Likikosekana moja, kamusi haitaonekana. Mwanafunzi anayesoma kitabu cha Kiingereza anagusa neno, maana ya Kiswahili inatokea palepale.

Kamusi hizo ni ndogo, na zina kikwazo kingine kinachotokana na lugha yenyewe. Ukigusa «anavyosoma» hutapata kitu, kwa kuwa kamusi inajua «soma» peke yake. Inabidi ufungue kisanduku cha kutafuta na kukata viambishi kwa mkono. Kwa nomino hakuna taabu hiyo. Hivyo anayesoma Kiingereza ataifaidi kuliko mgeni anayejifunza Kiswahili. Kindle inaweza kuwekewa KOReader pia, ila kwa kuvunja kufuli ya Amazon, na kufuli hilo huvunjika kwa matoleo fulani tu ya programu. Asinunue mtu Kindle kwa tumaini hilo. Kwa Kiingereza kwa Kiingereza, hata hivyo, Kindle inakuja na kamusi za Oxford, na ni nzuri mno.

Unaweza pia kuongeza herufi zako. Tengeneza folda iitwayo fonts kwenye kifaa, Kobo au Kindle, weka mafaili ya herufi humo. Herufi ziitwazo Andika, za bure, za shirika la SIL, zilizochorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, ziko wazi sana na zinamfaa mzee mwenye macho mazito au kijana anayesoma gizani wakati umeme umekatika.

PDF, na riwaya za WhatsApp

PDF ndiyo inayowavunja moyo wengi. Hesabu ni hii. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Ukurasa mzima ukibanwa humo, herufi za pointi 12 zinabaki kama pointi 5, na hakuna jicho linalostahimili hizo. Ukikata pambizo za sentimita mbili na nusu kila upande, zinapanda hadi karibu pointi 7. Ukilaza kifaa, upana unakuwa sentimita 12, herufi zinafika pointi 9, na hapo panasomeka, ingawa kila ukurasa utausoma kwa vipande. KOReader inakata pambizo yenyewe na kulaza ukurasa. Ina pia uwezo wa kupanga upya mistari ya PDF ili ienee kioo. Unafaa kwa riwaya, unavuruga jedwali.

PDF ya A5 ni nafuu sana. Ikikatwa pambizo inasomeka hata kisomaji kikiwa wima. Unaponunua riwaya kwa mwandishi, muulize kama ana A5, na bora zaidi faili la Word au EPUB. Waandishi nao wasione EPUB ni kazi ya mafundi: fungua hati kwenye Google Docs, weka majina ya sura kwa mtindo wa vichwa vya habari ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze, kisha pakua kama EPUB. Msomaji wa simu na wa kisomaji wote watashukuru.

Kugeuza PDF kuwa EPUB kwa Calibre kunawezekana, ila tegemea matatizo matatu: namba za kurasa na jina la kitabu vitaingia katikati ya sentensi, mistari itakatika kabla ya mwisho wa aya, na kitabu kilichopigwa picha kwa skana hakitageuka kabisa kwa sababu humo ndani hamna maandishi, mna picha. La mistari hutibika: kwenye sehemu ya PDF ya kugeuzia kuna kipimo cha kuunganisha mistari, kinaanzia 0.45, kipunguze au kiongeze kidogo kidogo na kuangalia matokeo.

Na riwaya uliyoinunua kwa mwandishi isisambazwe kwenye makundi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini hata bila sheria jambo liko wazi: mwandishi wa Kiswahili anayeuza nakala moja moja kwa simu hana pato lingine kwenye kitabu hicho. Kundi moja la watu mia mbili linaweza kummaliza. Tukitaka vitabu vya Kiswahili vya kusoma kwenye vifaa hivi, tuvilipie.

Wanafunzi wa vyuo wenye vitabu vizito vya picha na majedwali, kama wale wa tiba pale KCMC, wasinunue kisomaji cha inchi 6 kwa kazi hiyo. Vipo vya inchi 10, kama Kindle Scribe na Kobo Elipsa 2E, lakini bei yake huko kwao ni zaidi ya dola 300. Tableti ya kawaida iliyotumika, au kutoa kopi ya sura unayoihitaji, kutakusaidia zaidi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo vimepangwa kwa kurasa kubwa zenye picha. Ni vya tableti au vya karatasi.

Umeme, vumbi na begi

Amazon inasema Kindle ya kawaida inakaa wiki 6 kwa chaji, na Paperwhite ya 2024 wiki 12. Soma masharti: nusu saa kwa siku, Wi-Fi imezimwa, taa iko kati. Igeuze iwe saa. Ya kwanza ni saa 21 za kusoma, ya pili saa 42. Pandisha taa, punguza hizo saa. Hata hivyo umeme ukikatika siku mbili, kisomaji ndicho kifaa cha mwisho kuzima nyumbani, na pawabenki ndogo au sola ya kuchajia simu inakitosha kabisa. Tumia chaja ya kawaida ya simu. Usikiache kabatini kwa miezi kikiwa na asilimia sifuri. Betri ya lithiamu ikishuka mno inaweza isiamke tena. Kiweke kwenye nusu.

Vumbi la kiangazi hukaa kwenye pembe ambapo kioo kinakutana na fremu. Paperwhite uso wake ni bapa, unafuta tu. Clara BW na Kindle ya kawaida zina kingo zilizoinuka, zinataka brashi laini kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, bila spiriti. Kwenye visomaji vya zamani vinavyohisi kidole kwa miale ya infraredi, chembe ya vumbi pembeni hufungua kurasa zenyewe. Ukiona hivyo usikimbilie kwa fundi, safisha kingo kwanza.

Clara BW na Paperwhite zina kinga ya maji ya IPX8, yaani mita 2 za maji yasiyo ya chumvi kwa dakika 60. Kindle ya kawaida haina. Mvua za masika zikikukuta njiani utaona tofauti. Kikilowa, usikichaji hadi tundu la USB likauke.

Kinachoua visomaji kuliko maji ni begi. Nyuma ya plastiki ya juu kuna kioo chembamba sana chenye mzunguko wa umeme, na ndicho kinachopasuka. Juu utaona pazima, hakuna mkwaruzo, lakini sehemu ya ukurasa imeganda au ina mistari isiyofutika. Mara nyingi chanzo ni kugandamizwa kwenye Coaster iliyojaa, na kilichogandamiza ni chaja ya pini tatu ndani ya begi hilohilo. Nunua kava ngumu siku ileile unayonunua kifaa. Weka chaja mfuko mwingine, na uso wa kisomaji uelekee kitu bapa, kama laptopu au daftari. Kioo kikishapasuka, kukibadilisha kunakaribia bei ya kifaa kizima. Betri ni afadhali: Kobo za 2024 zina vipuri na maelekezo ya kuzifungua kupitia iFixit, na fundi simu mzuri anaweza kuyafuata.

Kwa wanaopanda Kilimanjaro: Kindle imepangiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 35. Kambi za juu hushuka chini ya hapo usiku, kioo kinakuwa kizito na chaji inaonekana imeisha. Kilale nacho ndani ya begi la kulalia, asubuhi kitarudi. Upande wa pili, usikiache kwenye dashibodi ya gari juani.

Bei, na vilivyotumika

Zilipotoka mwaka 2024 bei zake Marekani zilikuwa dola 109.99 kwa Kindle ya kawaida, 129.99 kwa Clara BW na 159.99 kwa Paperwhite. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, ni kama 275,000, 325,000 na 400,000. Ongeza usafirishaji, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine za forodha kama kinaingia kama mzigo. Muuzaji wa mjini akikutajia bei, ipime kwa hesabu hiyo uone anachoongeza ni kiasi gani, na uulize kitarudi kwa nani kikiharibika, maana dhamana ya kiwanda mara nyingi inabaki nchi kilikonunuliwa. Mwombe pia akuonyeshe mwaka wa toleo. Sanduku la Paperwhite halisemi wazi, na ya miaka mingi nyuma ina tundu la zamani la USB badala ya USB-C.

Miji hii miwili ina njia ambayo mikoa mingi haina. Wageni wa safari na wapanda mlima huwaachia waongozaji na wapagazi vifaa vyao kama zawadi, na vingine huishia kuuzwa. Ukipewa Kindle, mwombe mgeni aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako: mipangilio, sehemu ya akaunti, kisha «Deregister». Akisahau na ameshapanda ndege, bado anaweza kuiondoa akiwa kwao kupitia tovuti ya Amazon, kwa hiyo chukua mawasiliano yake.

Ukinunua kilichotumika, peleka hotispoti yako dukani. Washa Kindle, jaribu kuiandikisha kwa akaunti yako kabla ya kulipa. Iliyoripotiwa kuibwa au kupotea itakataa, na hakuna fundi wa kuirekebisha kwa uhalali. Kisha pandisha taa hadi mwisho kwenye ukurasa mweupe, tafuta nukta zinazong'aa na madoa ya kivuli. Geuza kurasa ishirini haraka, ukiangalia mistari isiyoondoka. Chomeka waya kwenye kompyuta yoyote, uone kama inatambulika. Tundu lililolegea huchaji lakini halipitishi mafaili, na muuzaji atakuonyesha alama ya chaji tu. Kifaa kikidai namba ya siri ya mzazi kila ukifungua mipangilio, mwambie muuzaji aiondoe yeye mwenyewe, na pesa ibaki mfukoni mwako hadi aiondoe.